Mmea wa ukutani uchaguliwe kwa maji ya Oktoba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasomaji wa Mtwara, Mikindani, Lindi na pwani yetu yote ya kusini. Mvua za kwanza zikinyesha, watu huanza kununua miche ya kutambaa ili wafunike kuta zinazochomwa na jua, na kwa kuwa nyumba nyingi za mjini zimesakafiwa hadi ukutani, miche hiyo huishia kwenye mapipa. Nia ni njema. Ukuta wa tofali za saruji uliopigwa plasta hunywa joto mchana kutwa kisha huliachia ndani ya chumba mpaka usiku mwingi, na pazia la majani hupunguza sana adha hiyo. Tatizo ni kwamba mche huchaguliwa Desemba, kila kitu kikiwa kibichi, na huchaguliwa kwa ua. Mtihani wake huja Oktoba, miezi mitano tangu mvua ikatike, mizizi ikiwa imefungiwa ndani ya pipa na haina pa kukimbilia. Ndiyo maana nashauri mtu ajiulize jambo moja kabla ya kwenda kitaluni: Oktoba nitaweza kumwagilia ndoo ngapi kila siku bila kuruka? Jibu lake litamchagulia mmea.

Lakini kwanza ukuta wenyewe. Maandishi mengi ya bustani yanatoka Ulaya, nako ukuta wa jua ni ule unaotazama kusini. Sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na ushauri huo hapa hutupeleka upande usio. Jua la adhuhuri hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 21 Februari. Kuanzia Februari hiyo hadi Oktoba, yaani miezi minane, adhuhuri jua liko kaskazini kwetu. Asiye na dira atumie kibla. Makka iko karibu kwenye longitudo ileile ya Mtwara na Lindi, kwa hiyo anayeswali huku huelekea karibu kaskazini kamili. Upande wa nyumba unaotazama kibla ndio utakaopigwa jua kipupwe chote. Paa lililotokeza sentimita 60 hutia kivuli sentimita 90 tu za juu za ukuta huo adhuhuri ya Juni. Chini ya hapo ni jua tupu. Ukuta wa kusini nao, hata Desemba jua likiwa limehamia upande wake, hufunikwa na paa hilohilo kwa zaidi ya mita mbili na nusu adhuhuri, kwa sababu jua linakuwa karibu wima. Mmea unaotaka jua ukiuweka kusini utarefuka kutafuta mwanga, majani machache, maua hakuna, na mwenyewe atalaumu mbolea.

Ukuta wa mashariki ndio mpole kuliko yote: jua la asubuhi, kisha kivuli saa joto linapopanda. Wa magharibi ndio mkali, na ukali wake ni wa mwaka mzima, maana jua huufikia hewa ikiwa tayari imepata moto na majani yamekwisha kupoteza maji tangu asubuhi. Mmea uleule, kwenye pipa lileile, utataka maji mengi zaidi ukutani magharibi kuliko mashariki. Anayeweza kuchagua na achague mashariki kwa mimea ya majani na asumini, kaskazini kwa matunda, na magharibi akaweke bogenvilia, ambayo haiogopi kitu.

Kuna jambo la paa ambalo husahaulika. Mvua yetu mara nyingi huja na upepo wa upande mmoja, na pipa lililo chini ya paa pana laweza kukaa kavu siku tatu za mvua mfululizo huku uwanja mzima ukiwa tope. Usihesabu mvua, chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili, pakiwa pakavu mwagilia. Kwa upande mwingine, bati lisilo na mfereji humwaga maji kwenye mstari mmoja, na pipa likikaa kwenye mstari huo udongo huchimbwa na kurushwa nje, mizizi ikabaki wazi. Basi pipa likae ndani kidogo ya mstari wa matone au nje yake, lisikae juu yake.

Chombo ndicho kinachoamua mmea utadumu au hautadumu. Pipa la lita 200 likikatwa katikati hutoa vyombo viwili vyenye upana wa sentimita 57 na kina cha sentimita 44 hivi, kila kimoja kikibeba udongo wa lita 100, na hicho ndicho kipimo cha chini kwa mmea wa kudumu mwaka hadi mwaka juani. Ndoo ya lita 20 inafaa nderema, haifai pasheni. Mtungi wa udongo ni mzuri kwa macho, ila hupitisha maji pembeni na kiangazi utaumwagilia mara mbili kwa siku. Pipa lililobeba dawa za mashambani au kemikali zisizojulikana lisitumike kabisa kwa mmea wa kuliwa, hata likioshwa mara ngapi. Kumbuka pia uzito: lita 100 za udongo uliolowa ni kilo 130 hadi 150, kwa hiyo pipa lijazwe palepale litakapokaa, na lisipandishwe kwenye baraza ya ghorofa ya zamani bila fundi kuiangalia.

Toboa matundu manane hadi kumi chini, kila moja pana kama kidole kidogo, na uliinue pipa juu ya vipande vya tofali ili maji yapate njia. Watu wengi hutandaza kokoto chini wakiamini zitasaidia maji kutoka. Hazisaidii. Maji yanayoshuka kwenye udongo laini hayaingii kwa urahisi kwenye kokoto. Husimama juu yake mpaka udongo ulowe chepechepe, hivyo kokoto za sentimita 10 hulipandisha tope sentimita 10 karibu na mizizi na kukuibia robo ya pipa. Weka kipande cha chandarua chakavu juu ya matundu udongo usimwagike, basi. Sahani ya kukinga maji chini ya pipa ni nyumba ya mbu, tena wale wa mchana wanaoeneza dengi; kama sakafu lazima ikingwe, ijaze sahani hiyo mchanga mpaka ukingoni.

Joto la pipa lenyewe huua mimea mingi kuliko kiu, na wenye mimea hawalijui kwa sababu halionekani. Pipa la chuma au plastiki ya rangi nzito likipigwa jua la saa tisa, udongo ulio karibu na ukingo hupita nyuzi joto 40 na mizizi midogo ya upande huo hufa. Mmea hunyauka udongo ukiwa na maji. Mwenye nyumba anaongeza maji. Mizizi iliyokufa inaoza. Dawa ni tatu na zote ni rahisi: lipake pipa rangi nyeupe au chokaa kwa nje, liache sentimita 30 kutoka ukutani ili joto la ukuta lisilifikie na unyevu wake usifikie msingi, na upande wake wa jua uzungushie gunia au kipande cha kuti, au upange mbele yake vyungu vidogo vya mimea mifupi. Juu ya udongo tandaza majani makavu ya sentimita tano. Maganda ya korosho msiyatumie, japo mkoani kwetu ni mengi na ni ya bure, kwani mafuta yake yanababua ngozi ya mtu, sembuse mizizi michanga.

Udongo wa kujaza pipa moja ni ndoo mbili za lita 20 za udongo mwekundu wa juu, ndoo mbili za mboji au samadi ya mbuzi iliyooza, ndoo moja ya mchanga wa mtoni, na nusu ndoo ya makumbi ya nazi yaliyosagwa. Ukijaa bado utashuka kwa mwezi wa kwanza, ndiyo maana nimezidisha kidogo. Samadi ya kuku ni kali: iache ioze miezi miwili hadi mitatu, na weka nusu ndoo badala ya mbili, pengo lijazwe mboji. Makumbi yalowekwe kwenye maji baridi juma zima, maji yakibadilishwa kila siku mbili, kwa sababu yana chumvi na ile rangi ya kahawia ambayo huzuia mche kukua. Udongo usichukuliwe kwenye tuta la zamani la nyanya au bamia. Huenda una minyoo fundo, ile midogo inayovimbisha mizizi, na ndani ya pipa mizizi haina pa kuikwepa.

Mchanga wa pwani ndio kosa kubwa la miji yetu. Uko karibu, mweupe, safi, na hauna gharama. Mbali na chumvi, umejaa vipande vya makombe na matumbawe, ambavyo ni chokaa. Chokaa ikizidi, madini ya chuma yaliyomo udongoni hayayeyuki tena na mmea hauyapati: majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Asumini huonyesha dalili hiyo upesi, bogenvilia huifuata. Mabaki ya saruji na plasta yaliyoanguka chini ya ukuta mpya huleta balaa hilohilo, na hata majivu ya jikoni, ambayo ni mazuri kwa udongo wenye uchachu, hapo huongeza ugonjwa. Ukiona manjano ya aina hiyo usikimbilie urea. Ondoa udongo wa juu wa sentimita 10, weka mboji mahali pake, na ubadilishe maji ikiwa ya kisima chako yana chumvi. Wasio na maji mengine ila ya kisima cha pwani, kila mwezi kiangazi wamwage lita 40 kwa mkupuo mpaka zitoke chini, zisafishe chumvi iliyojikusanya, na wakinge mvua ya kwanza iliyo safi kwa kazi hiyohiyo.

Sasa mimea, nikianza na anayeweza kutoa ndoo nusu tu kila baada ya siku mbili. Huyo mmea wake ni bogenvilia. Hustahimili jua la magharibi, upepo wa kusi na chumvi ya bahari, na hutoa maua mengi zaidi mizizi ikiwa imebanwa kidogo na udongo ukikauka kati ya maji na maji. Kile tunachokiita ua ni majani ya rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe cha katikati. Ya zambarau ndiyo ngumu kuliko zote, zile za machungwa na nyeupe za kujikunja ni dhaifu zaidi. Nunua mche ukiwa tayari umechanua ujue rangi yake. Wakati wa kupanda usiuchomoe kwa kuvuta shina: mizizi yake ni myembamba na hukatika kwa urahisi, mche ukasimama miezi miwili bila kuchipua. Chana kiriba, yaani mfuko wa mche, kwa wembe ukiwa umekwisha kuuweka ndani ya shimo, kisha uvute plastiki taratibu. Ikianza kutoa majani mapana ya kijani bila rangi, sababu ni maji mengi, mbolea ya naitrojeni au kivuli. Punguza maji kwanza. Haina namna ya kujishikilia ila miba, kwa hiyo kila tawi lifungwe, na fundo liwe legelege la namba nane ili tawi likinenepa lisikatwe. Isiwekwe kwenye njia ya watoto.

Anayeweza lita tano au sita kila siku ana asumini. Sina haja ya kuwaeleza watu wa pwani asumini ni nini, ila wengi hawajui kwamba ukipewa fito utapanda mita mbili hadi tatu. Hausokoti wala haushiki. Ni kichaka kirefu kinachoegemea, kwa hiyo ufunge matawi manne au matano kama upepeo uliofunguliwa. Ukuta wa mashariki ndio wake. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kila mchanuo ukiisha kata theluthi ya urefu wa matawi, tia vizibo viwili vya soda vya mbolea ya NPK 17:17:17 pembeni mwa pipa, mwagilia, na ndani ya wiki chache vikonyo vipya vitakuja. Kizibo kimoja ni kama gramu tano. Udongo ukikauka siku moja tu vitumba vikiwa tayari, vitageuka kahawia na kudondoka kabla ya kufunguka. Anayechuma kwa ajili ya vikuba vya harusi azingatie hilo mwezi mzima kabla.

Pasheni hutaka lita 10 hadi 15 kwa siku Oktoba, asubuhi nusu na jioni nusu, na asiye na hakika ya maji hayo asipande. Mwenye nayo atafaidi, ila achague aina. Ile ya zambarau ni ya nyanda za juu zenye baridi. Huku pwani inayofaa ni ya manjano. Tena hii ya manjano kwa kawaida haijichavushi: chavua ya mche haikubaliwi na ua la mche uleule. Ukipanda mche mmoja, au vipandikizi viwili vya mama mmoja, utapata maua miaka miwili na tunda hakuna. Panda miche miwili iliyotokana na mbegu za matunda tofauti, kila mmoja na pipa lake, yakiwa yameachana mita tatu. Ua hufunguka adhuhuri na kufunga usiku; wanaolichavusha ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, na mahali ambapo hawapo fanya mwenyewe kati ya saa nane na saa kumi na moja jioni, ukichukua unga wa ua la mche mmoja kwa kidole na kuupaka kwenye vichwa vitatu vya juu vya ua la mche wa pili. Chavua ya pasheni ikilowa hupasuka na kufa. Hapo ndipo ukuta wenye paa unapokuwa na faida kuliko kichanja cha shambani, kwani maua hubaki makavu hata masika.

Ukuze shina moja la pasheni hadi waya wa juu, mita 1.8 kutoka chini, ukiondoa machipukizi yote ya pembeni, kisha ukate ncha na uache mikono miwili iende kushoto na kulia. Matawi ya kuzaa yataning'inia kutoka hapo. Mbolea ni vizibo vinne vya NPK kila mwezi kipindi cha mvua, mbali na shina. Matunda huiva siku 60 hadi 80 baada ya ua na hudondoka yenyewe. Yaokotwe kila siku. Ndani ya pipa hesabu miaka miwili au mitatu, kisha mche mpya na udongo mpya.

Aliye na maji ya masika pekee asione haya kupanda mimea ya msimu. Dodoki ukilipanda Desemba, mche mmoja kwa nusu pipa, ndani ya miezi miwili limefunika mita nne za ukuta, na kabla ya Juni umemaliza kazi nalo. Matunda ya chini ya sentimita 20 ni mboga. Yanayoachwa yakaukie juu ndiyo ya kuogea. Inzi wa matunda hutaga ndani ya tunda changa, likapinda na kuoza upande mmoja, kwa hiyo livishe mfuko wa karatasi siku ua linaponyauka. Fiwi, wengine wakiziita ngwara, huvumilia zaidi: mbegu tatu kwa pipa, ubakize miche miwili, na maua ya zambarau huja siku zikifupika. Mbegu zake zilizokauka zichemshwe vizuri na maji ya kwanza yamwagwe, maana zikiwa mbichi zina sumu. Ila nisifiche: mimea hii ikiisha, ukuta unabaki uchi kipindi chote cha kiangazi, na mwenye ukuta wa magharibi atalihisi joto lilelile la zamani. Nderema nitaitaja kwa ufupi. Ndoo ya lita 20, ukuta wa mashariki, wiki sita hadi nane unaanza kuchuma majani. Usiipande kwenye ukuta uliopakwa rangi nyeupe, kwa sababu matunda yake yakipondeka huacha doa la zambarau.

Kuna mimea ambayo watu huileta kwenye jua kwa kuipenda tu. Tambuu, pilipili manga na vanila ni mimea ya chini ya miti. Ukutani magharibi majani yake huungua siku ya pili. Zabibu zinaipenda Dodoma kwa ukavu wake, hapa unyevu wa bahari huzijaza ukungu. Mkweme ni wa kwetu kabisa na ni mtambaazi wa heshima, lakini hupanda zaidi ya mita 20 na pipa ni dharau kwake. Upewe mwembe mkubwa shambani. Alamanda, lenye tarumbeta za manjano, hustawi sana juani, ila utomvu wake ni sumu, na penye watoto au mbuzi nasema hapana. Ule mtambaazi wa vishada vya maua madogo ya waridi, unaokufa juu na kuchipua tena kutoka kwenye viazi vyake, ukitoroka pipani huung'oi tena mtaani. Na mtambaazi mdogo wa jamii ya mtini unaojigandisha wenyewe kwa gundi huondoka na plasta siku unapoubandua.

Fito za kupandia zifuate namna mmea unavyoshika. Pasheni na dodoki hushika kwa nyuzi za kujisokota, na uzi huo hauwezi kuzunguka kitu kinene kuliko kidole. Mpe waya au kamba. Fiwi na nderema hujizungusha kwa shina, zitapanda hata mwanzi. Bogenvilia na asumini hufungwa. Kwa zote, fito zisigusane na ukuta: weka vipande vya mbao vya sentimita 10 kati yake ili hewa ipite, la sivyo majani yataungulia ukutani na utitiri mwekundu utajaa nyuma. Miraba iwe ya sentimita 20, mkono upite. Waya uwe wa mabati namba 12, kwani waya mweusi wa kufungia nondo huliwa na hewa ya bahari, na kamba ya katani huoza masika moja. Mianzi isimame juu ya jiwe au tofali isiguse ardhi, sababu ni mchwa: wakiipata fito iliyozama mchangani, watapanda nayo hadi kwenye kenchi. Msiende kukata mikoko, ni hifadhi. Nyumba za kale za Mikindani za mawe ya matumbawe na chokaa zisitobolewe kabisa. Funga fito kwenye nguzo mbili zilizosimikwa ndani ya mapipa yenyewe, ukuta ubaki huru. Na juu, komesha machipukizi sentimita 30 kabla ya bati. Yakiligusa adhuhuri hukauka, na yakiingia chini yake huliinua.

Wadudu wa ukuta wa jua ni utitiri mwekundu na vidung'ata, wale weupe kama pamba, na wote huja ukavu ukizidi. Majani yakiwa na vidoa vidogo vya manjano kama yamenyunyiziwa unga, geuza jani uangalie chini. Mwaga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani asubuhi tatu mfululizo, kisha nyunyizia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, jioni, jua likiwa limeshuka. Wenye salfa ya mikorosho nyumbani wataona ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, kwenye dodoki na kuwaza kuitumia; jamii yote ya matango huungua kwa salfa, hasa kwenye joto kama letu, kwa hiyo heri kuondoa majani yaliyoathirika. Pipa likikauka mpaka udongo ukaachana na ukingo, maji unayomwaga hupita pembeni na kutoka chini yakiwa safi, katikati pakibaki vumbi. Mwaga kidogo, subiri nusu saa, rudia mara tatu, kisha sindilia udongo ukingoni kwa vidole. Mpira wa maji ulioachwa juani una maji ya moto; yaache yatiririke kwanza.

Wanaohofia nyoka waondoe majani yote ya sentimita 30 za chini, waone sakafu.

La mwisho ni upepo. Kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019, na Hidaya kikafika pwani yetu Mei 2024. Yaani hatari kubwa huja mwisho wa mvua, mmea ukiwa na majani mengi kuliko wakati wowote, mazito kwa maji, yamesimama kama tanga mbele ya kusi linaloanza. Kwa hiyo mwishoni mwa Machi bogenvilia na asumini zipunguzwe theluthi, dodoki lililokwisha kuzaa litolewe, na kila nguzo ikaguliwe fundo kwa fundo. Matawi ya bogenvilia yaliyokatwa, manene kama penseli na yaliyokomaa, yakatwe vipande vya sentimita 20 na kuchomekwa siku hiyohiyo kwenye viriba chini ya kivuli. Ndani ya wiki sita hadi nane yatakuwa na mizizi.

Wako,
Mtunza kitalu cha miche,
Mikindani, Mtwara